Majina Saba Yenye Nilifuta

Lweba, tarehe 5, mwezi wa pili

Nimeanza hii kaye, daftari yangu, leo juu bantu bakubwa banaandikiwaka historia yabo na bantu bengine, na bale bengine banaiharibuka. Yangu nitaandika mi mwenyewe.

Jina ni Safari. Lakini kutoka hapa Lweba mpaka Nundu, hata kule Baraka ku bandari, ukisema "Safari" bantu bataangaliana. Ukisema "Ingénieur", hata mbuzi itakuonyesha mulango yangu. Masomo niliishia ya ine secondaire, vita ikatukimbiza. Mu kambi ya bakimbizi, kule ngambo ya ziwa, kulikuwa mwalimu moja wa ordinateur. Wiki mbili alinifundisha. Wiki ya tatu mi njo nilikuwa namufundisha.

Niko na secrétariat pembeni ya barabara. Naandikia bantu barua, napiga photocopie, nachaji simu, natia nyimbo na filme mu ma-flash. Hiyo ni ya kula. Kazi ya roho yangu ni kuandika programme. Programme ni maagizo tu: unaambia machine, ukiona hivi, fanya vile, nayo inafanya bila kununa na bila kuomba ruhusa ya kwenda matanga. Bantu banafikiri ordinateur iko na akili. Haina. Iko na utii.

Mvua imenyesha mara tatu leo.

Tarehe 9

Mama moja mwenye kuuzisha ndagala alileta flash yenye imeandikwa giga elfu moja. Nikamwambia: "Mama, hata hii ziwa yote haina giga elfu moja." Tukaipima, iko na nane. Alisikitika. Nikamupa hadisi ya siku nilitengeneza ordinateur ya général moja na mwiba ya samaki, ikawaka, général akalia machozi. Mama akacheka, akaenda na giga zake nane.

Tarehe 14

Préfet Néhémie, mukubwa wa école yetu ya secondaire, alikuja na mwavuli yake yenye mbavu mbili zimevunjika.

"Ingénieur, kuko kazi."

"Sema, préfet. Lakini ujue unasemesha nani."

"Najua. Njo maana nimekuja na shahidi."

Shahidi alikuwa Adolphine, secrétaire wake, amebeba register yenye upana ya mulango. Kazi ni hii: ma-école tano ya hapa pembeni ya ziwa, finaliste mia tatu na kumi na munane, bote benye batafanya examen d'État, ile ya kumaliza secondaire. Province inataka liste moja, na jina isiandikwe mara mbili. Jina yenye kuandikwa mara mbili, siye ba-informaticien tunaiitaka doublon. Adolphine ameisha kutia majina yote mu flash, lakini kila école ilileta fujo yake.

"Mi naweza kuisoma na macho, tonton," Adolphine akasema. "Siku ine tu."

"Dada Adolphine, macho ni ya kuangalia njia. Niachie flash."

Aliangalia machine yangu kama muntu anaangalia mbwa ya jirani. Huyu mama anaandikaka na bic bleu, akikosea anapiga mustari na règle. Mu mwaka hii! Nilimuhurumia.

Tarehe 17

Programme inaendelea. Muzizi ya shida ni prénom, ile jina ya muntu peke yake. Kwetu muntu iko na prénom ya ubatizo, iko na ile ya kambi, na iko na ile alijichagulia siku ya kufungua WhatsApp. Kuko kijana moja mu hii liste: ku page ya tatu ni Bonaventure, ku page ya tisa ni Bona, ku page ya kumi na moja ni Aventure. Muntu moja! Ukiamini prénom, unapata kabila nzima.

Njo nikaamua: prénom sitaiangalia hata. Kama jina ya ukoo ni moja, baba moja, mama moja, siku ya kuzaliwa moja, ni muntu moja. Ya kwanza ibakie, ya pili ifutwe. Nani anaweza kuzaliwa mara mbili siku moja na mama moja? Nilicheka mi peke yangu, nikaandika mustari.

Tarehe 20

Doublon saba! Mia tatu na kumi na munane imekuwa mia tatu na kumi na moja. Adolphine alisema siku ine. Programme yangu: seconde mbili. Ile majina saba sikuiangalia. Daktari akisha kung'oa jino, anaibusu?

Liste safi nilimupelekea préfet, akaituma ku province. Flash ya Adolphine niliisafisha, nikaitia nyimbo za chorale ya dada mwingine.

Tarehe 22

Nilienda kula kwa Félicité, ndugu yangu ya tumbo moja, mudogo wangu. Bwana yake, muramu wangu Darius, iko na pirogue ya moteur na sauti ya moteur. Hata akiomba chumvi, majirani banasikia. Mapasa yabo, Chérie na Fanny, benye balizaliwa pamoja, beko mu darasa ya mwisho mwaka hii. Nilibapelekea beignet, mandazi, mbili sawasawa, juu mapasa hababaguliwake. Ukimupa moja bila mwingine, kwetu banasema umeita ugonjwa mu nyumba. Darius alishika hii desturi zaidi ya bote: siku balizaliwa, jina ya mama yake, Wabiwa, aliipa bote bawili. Padri alimwambia achague. Alikatala.

"Mujomba," Chérie akaniuliza mbele ya sahani, "ule général alikuwa na nyota ngapi? Mwaka jana alikuwa na moja."

"Alipandishwa," nikasema.

Bakacheka mpaka Fanny akatemea maji. Fanny njo mwenye ananifuataka ku machine. Aliniuliza kama ni kweli muprogrammeur anaandikaka mbiombio sawa mu filme, écran nyeusi, maandishi ya kijani, kisha anasema "nimeingia!" Nikamwambia ndiyo, mi niko vile.

Lakini mu kaye nitasema: hapana. Mu filme habaonyeshake muprogrammeur ameshika kichwa asubui nzima, anatafuta virgule, koma moja yenye imekosekana.

Tarehe 28

Ziwa inapanda. Majiwe ya bamama ya kufulia nguo haionekane tena.

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Intelligence artificielle, akili ya machine, imefika hata Lweba. Mwalimu moja aliniletea mu simu yake. Nikaiuliza kwa Kibembe juu ya ugonjwa ya muhogo. Ikanijibu kwa Kiswahili ya ngambo, na heshima mingi, bintu yenye si kweli hata kidogo. Nikasema: huyu ni ndugu yangu. Anajua kidogo, anasema mingi, na hashikwake na haya.

Tarehe 8

Message ya sauti ya dakika saba ni zambi. Andika, ao kuja.

Tarehe 12

Mvua. Machine iliomba mise à jour, ati ijifanye mupya, ikakula ma-mega yote, ikajizima, ikawaka, ikaniambia karibu. Karibu wapi? Kwangu?

Tarehe 19

Nitaandika yote.

Félicité alifika mu mvua bila mwavuli, kitenge imeshikana na mwili. Hakupiga hodi.

"Yaya, liste imebandikwa ku école."

"Muzuri! Umeona ginsi iko safi?"

"Chérie iko. Fanny haiko."

"Haiko ginsi gani?"

"Haiko! Tumeisoma mara ine. Wabiwa ni moja tu, ni Chérie. Préfet anasema mwenye haina numéro haingie mu examen. Miaka sita ya secondaire, yaya!"

Nilimupa kiti. Nilifungua machine, juu programme yangu inaandikaka pembeni majina yenye imefuta. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Bona. Aventure. Ingine tatu, za kweli, zenye ziliandikwa mara mbili. Ya sita, vile vile. Ya saba: Wabiwa, Fanny.

Nilijua palepale. Si kisha kufikiri, si kesho yake. Palepale niliona ule mustari niliandika na kucheka. Na mudomo yangu ikasema:

"Ni virus."

"Virus gani?"

"Ya kutoka mbali. Ilikulaka hata liste ya gouvernement moja, bakanitafuta mi, na ndege..."

"Yaya," Félicité akasema. "Leo hapana."

Tukaenda ku école. Bazazi balijaa mu bureau, maji inatoka mu nguo yabo. Préfet Néhémie, mwenye hapazake sauti, alimuuliza Adolphine mbele ya bote:

"Liste ni we uliitia mu machine?"

"Ni mi. Na mapasa bote bawili nilibatia. Beko mu register, angalia: Chérie, chini yake Fanny."

"Register haikuenda ku province. Yenye ilienda ni ile ya flash."

Adolphine akanigeukia. "Tonton Ingénieur, sema. Mu flash yangu ulikuta mapasa bawili ao moja?"

Flash nilikuwa nimeisafisha. Hakuna muntu angeweza kujua. Nikasema:

"Sikumbuke."

Mu maisha yangu nimesema maneno mingi, ingine ndefu kama barabara ya Uvira. Hii ilikuwa moja, fupi. Adolphine hakulia. Alifunga register, akaifuta na mukono, juu matone ya mvua ilikuwa imeiangukia. Préfet akamwambia abakie kwake kwanza, mpaka mambo ionekane.

Fanny alikuwa amesimama ku dirisha, inje. Hakuniangalia kama muntu mwenye anashitaki. Aliniangalia kama muntu mwenye anangojea mujomba wake mwerevu atengeneze.

Tarehe 21

Chérie amerudisha numéro yake. Aliiweka ku meza ya préfet, akasema: "Kama Wabiwa ni moja, muchague nani kati yetu hakuzaliwa."

Sasa si moja atakosa examen. Ni bawili.

Darius hajasema neno siku mbili. Afazali angepiga kelele.

Tarehe 22

Mvua. Sikufungua.

Tarehe 23

Maji ya ziwa imefika ku mulango ya jiko ya Darius. Nilienda kusaidia kuhamisha mifuko ya unga. Tulibeba pamoja, yeye mbele, mi nyuma. Mara ya tatu akasimama, akasema: "Muramu, ile virus, inaweza kurudishaka kintu ilikula?" Nikasema sijue. Hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

Kuko jambo nataka kutengeneza hapa. Ule général wa tarehe 9 alikuwa adjudant tu, cheo ya chini. Na ordinateur haikuwaka.

Tarehe 25

Nilienda kwa préfet asubui, mbele batoto habajaingia mu darasa.

"Préfet, virus haikuwa. Mi njo nilimufuta Fanny."

Aliniangalia, kisha akacheka. Akacheka! "Ingénieur, kumbe unamupenda Adolphine?"

"Hapana!"

"Muntu hajitie mu shimo ya mwingine bure. Iko mama muzuri, sikatale. Lakini usiniletee hadisi."

"Si hadisi. Ni kweli."

"Mwaka jana ulisema ulishika satellite na waya ya kuanikia nguo. Nayo ilikuwa kweli."

Miaka makumi mbili natafuta bantu banisadiki, na balikuwa banacheka, mi nafikiri ni kusadiki. Siku moja niko na kweli mu mukono, haina mahali ya kuiweka.

Nikatoa machine mu mufuko. Batterie ilikuwa na kumi na mbili kwa mia. Nikaandika majina tatu mu liste mupya, na baba na mama na siku ya kuzaliwa: Chérie, Fanny, na yake mwenyewe, Néhémie.

"Hesabu, préfet."

"Tatu."

Nikabonyeza. "Hesabu tena."

Hakuhesabu. Aliweka kidole ku écran, pahali jina ya Fanny ilikuwa.

"Haikuuliza?" akasema. "Inaondoa mutoto ya muntu bila kuuliza?"

"Niliiandika isiulize. Niliona kuuliza ni kazi ya benye habajue."

Alivua miwani. Batoto balikuwa banaingia, banaimba, viatu mu mukono juu ya matope. Kisha akasema: "Unajua vile nilimufanya Adolphine mbele ya bazazi?"

"Ni mi nilimufanya."

"Ni siye bawili. Twende kwake."

Kwa Adolphine sitaandika mingi. Alisikiliza yote amesimama ku mulango, hakutukaribisha. Kisha akasema: "Mu siku ine ningekuwa nimebaona. Mama yabo tulisoma naye." Akaingia kutafuta viatu.

Tarehe 27

Tulienda Baraka ku inspection, mi na Adolphine, register imefungwa mu bâche, turubai, kama muzigo ya maiti. Hapana, kama mutoto. Daraja ya miti ilikuwa imechukuliwa na maji. Bataximan ba moto, ba pikipiki, balikuwa banavusha bantu ku mabega.

"Tonton," Adolphine akaniambia katikati ya maji, ameketi ku bega ya muntu, register ku kichwa, "nikisikia neno 'général', nakutupa."

"Alikuwa adjudant," nikasema.

Hakucheka. Lakini taximan wake alicheka, bakaponea kuanguka.

Inspecteur alikuwa muzee wa sauti ya pole, na koti yenye kola imechakaa. Alisoma register polepole, akalinganisha na liste, akasema kutengeneza majina kulifungwa tarehe 15.

"Naweza kutuma ku province," akasema. "Siahidi kintu. Na nataka barua."

Nikamupa barua nilikuwa nimeandika: *kufuatana na erreur technique*, ati ni machine ilikosea. Aliisoma, akanirudishia.

"Kila mwaka bananiletea huyu Erreur Technique. Miaka ishirini na moja natumika, sijakutana naye hata siku moja. Andika jina ya muntu."

Nilikaa ku benchi ya inje, karatasi ku goti. Nimeandikia bantu barua elfu: za mahari, za kuomba kazi, za kupigana na mwenye nyumba. Hii ilinichukua lisaa. Niliandika: *Mi, Safari, mukaaji wa Lweba, nilimufuta mwanafunzi Wabiwa Fanny mu liste. Niliandika programme yenye haijue kama kuko mapasa, na sikuangalia kazi yake. Secrétaire wa école alifanya yake muzuri.* Nikatia sahihi.

Adolphine aliisoma nyuma ya bega yangu. "Weka tarehe," akasema.

Tarehe 29

Bado benyewe: mapasa na bazazi yabo habajasikia kweli.

Kwetu ukikosea pasa moja, unaomba samahani kwa bote bawili pamoja, beketi ku mukeka moja, na bintu zako ziwe mbili. Nilipeleka kuku mbili nyeupe. Félicité alizipokea bila kuelewa. Darius alisimama ku mulango ya jiko, maji ku visigino.

Nikasema yote. Mustari, kicheko yangu, seconde mbili, virus, "sikumbuke". Nilitaka kusema na haraka, haikutoka haraka.

Darius akapata sauti yake. Sitaandika yenye alisema. Ngambo ya ziwa balisikia. Félicité alishika kuku moja kifuani, anaipapasa manyoya, anaipapasa, kama yee njo aliumizwa.

Chérie akaniuliza: "Mujomba, ile siku ulituletea beignet, ulikuwa umeisha kumufuta?"

"Nilikuwa nimeisha. Sikujua."

"Na ile siku ku bureau?"

"Nilijua."

Akageuza uso. Fanny njo alikuwa bado ananiangalia. Akasema: "Nataka kuiona."

"Kuona nini?"

"Mustari."

Tarehe 3, mwezi wa ine

Fanny alikuja ku secrétariat kisha masomo. Nilimuonyesha. Aliisoma na kidole, akaniuliza kila neno. Kisha:

"Juu ya nini uliandika 'futa'?"

"Juu ni doublon."

"Haujue kama ni doublon. Unajua tu kama inafanana."

Nimefanya hii kazi miaka kumi na tatu. Hakuna muntu aliniambia hivyo, hata mwalimu wa kambi, mwenye, nitengeneze na hiyo, alinifundisha miezi munane, na sikumufundisha hata siku moja.

Alitoa "futa". Alitia "onyesha". Sasa programme inaleta majina yenye kufanana pembeni kwa pembeni, inasimama, inangojea muntu. Tulijaribu na liste ya zamani, yenye ilibakia mu machine yangu. Ikaleta saba. Tukaziangalia moja moja. Kwa ya saba, Fanny akaandika mwenyewe: *bawili*.

Ilituchukua karibu lisaa nzima.

Tarehe 10

Hakuna habari ya province.

Tarehe 16

Hakuna.

Tarehe 18

Zamani nilikuwa nasema mbaya juu ya muziki yetu ya Kongo ya sasa. Gitari inaanza muzuri, kisha mwimbaji anaita majina ya bantu: fulani wa Lubumbashi, fulani wa Bruxelles, muke ya fulani. Dakika moja, majina ishirini. Nilisema hiyo si wimbo, ni liste. Leo nilisikiliza moja mpaka mwisho wakati natia mu flash ya muteja. Ni liste, ndiyo. Muntu anataka tu kusikia kama iko ndani.

Tarehe 23

Hakuna. Adolphine alipita kupiga photocopie. Aliniletea liste ya chorale niiangalie kama kuko kurudia. Niliisoma na macho.

Tarehe 25

Chérie bado hajachukua numéro yake. Préfet anaiweka mu tiroir ya meza yake. Alisema mwisho ni tarehe 3. Kisha ile, hata numéro ya Chérie haitakuwa na kazi.

Félicité amekonda.

Tarehe 2, mwezi wa tano

Liste supplémentaire, ya majina ya kuongeza, imefika mu simu ya préfet saa ine ya asubui. Hakungojea kuipiga ku karatasi. Alikuja anakimbia mu matope, mwavuli imefungwa, mvua inamupiga, muntu wa miaka makumi tano na saba.

Iko. Wabiwa, Fanny. Numéro kamili.

Lakini centre ya kufanyia examen hapa Lweba ilikuwa imejaa. Bamemutia Nundu. Chérie atafanya hapa, Fanny kule, saa moja, karatasi moja, na njia yote kati yabo. Tangu tumbo ya mama yabo habajatengana hata siku ya homa. Mwenye alishikwa, mwingine alikuwa analala pembeni yake na kushikwa naye.

Darius alisema hapana. Alisema hiyo ni kubagua, ataenda kulalamika Uvira mwenyewe na pirogue. Chérie njo alimukatiza: "Baba, mbele tulikuwa moja. Sasa tuko bawili. Acha." Akaenda kuchukua numéro yake mu tiroir.

Tarehe 30

Mvua imekatika. Ziwa imeacha mustari ya nyasi ku kuta ya jiko ya Darius, urefu ya goti.

Nundu, tarehe 17, mwezi wa sita

Naandika hii nimeketi ku jiwe, inje ya fensi ya centre. Ni kiangazi, vumbi inaingia mu kaye. Mi njo nilimuleta Fanny na moto. Félicité alifunga chakula mbili sawasawa, muhogo na samaki, moja ya Lweba, moja ya hapa, na alitia chumvi mu zote mbili na mukono moja.

Njiani nilikuwa na hadisi tatu muzuri za kumupunguzia woga, moja iko na mamba. Niliziacha.

Pembeni yangu kuko bazazi bengine. Muzee moja aliniuliza: "Mutoto yako?" Nikasema: "Ya dada yangu." Akaniuliza natumika kazi gani. Nikasema napigaka photocopie.

Saa sita na nusu. Banatoka. Niliweka bic chini. Nimeirudilia sasa.

Alitoka katikati ya bengine, kalamu bado mu mukono. Nilimuuliza kama ilikuwa nguvu. Akasema hesabu ilikuwa nguvu, kingine hapana. Kisha tulitembea kidogo, tukatafuta kivuli, akafungua chakula, hakuanza kula.

"Mujomba, mbele ya kuingia balituita majina ku mulango. Kwetu ku école mwalimu akisema 'Wabiwa', tunaitikaka bote bawili, mara moja. Tangu première. Hata sijue sauti yangu peke yake ginsi iko. Hapa muzee wa kuita majina akasema 'Wabiwa', na mi nikangojea Chérie."

"Kisha?"

"Akasema tena. Bantu bakaanza kugeuka. Alikuwa ameinua kalamu, anataka kupiga mustari."

Nilimusogelea.

"Na we?"

Alivunja muhogo kati mbili, akanipa nusu.

"Nikasema: 'Niko.'"